Mafundi Saa na Mwanga Uliopinda

Machi 8, 1919, meli ya Anselm iling'oa nanga Liverpool ikiwa na abiria wanne waliokuwa na mzigo wa lenzi, vioo na mabamba ya kupigia picha. Wawili kati yao, Andrew Crommelin na Charles Davidson, walitoka katika kituo cha nyota cha Greenwich. Wa tatu alikuwa Arthur Eddington, mkurugenzi wa kituo cha Cambridge, ambaye baadaye jina lake liliingia katika vitabu vya fizikia vya dunia nzima. Wa nne aliitwa Edwin Cottingham. Huyu alikuwa fundi saa wa mji mdogo wa Thrapston, Northamptonshire, na saa za kituo cha Cambridge zilikuwa mikononi mwake. Waandishi wengi humtaja Cottingham mara moja, wakampita. Mimi nataka kuanzia kwake, maana kazi waliyokwenda kuifanya ilikuwa, kwa sehemu kubwa kuliko inavyosemwa, kazi ya fundi saa.

Albert Einstein alikuwa ametabiri mwaka 1915 kwamba mwanga wa nyota unaopita ukingoni mwa Jua hupinda kwa sekunde 1.75 za pembe. Hesabu zilizofuata mawazo ya Newton zilitoa nusu ya hapo, sekunde 0.87. Digrii moja ina sekunde 3,600 za namna hiyo. Chukua sarafu yenye upana wa sentimita mbili na nusu, iweke kilomita tatu mbali nawe, na upana wake machoni pako utakuwa karibu sawa na pembe aliyoitabiri Einstein. Nyota zilizo jirani na Jua hazionekani ila Mwezi unapoliziba Jua lote. Frank Dyson, mkuu wa Greenwich, alikuwa ameona tangu 1917 kwamba kupatwa kwa Mei 29, 1919 kungetokea Jua likiwa mbele ya Hyades, kundi la nyota lililo jirani na Kilimia, kile kile ambacho wakulima na wanamaji wa pwani yetu walikitazama ili kujua majira. Jua lisingepata tena kwa urahisi mandhari yenye nyota nyingi kiasi hicho wakati limezibwa.

Basi picha zipigwe. Lakini Dunia haitulii hata kidogo. Inapozunguka, anga lote huonekana kusogea sekunde 15 za pembe kila sekunde moja ya saa. Yaani kabla hujamaliza kutamka neno "moja", nyota imeshasogea zaidi ya mara nane ya kipimo kile walichokwenda kukitafuta. Bamba la kioo la wakati ule lilihitaji sekunde kadhaa kunasa nyota hafifu, na katika sekunde hizo kila nyota ingejichora kama mstari. Mstari haupimiki kwa usahihi wa sehemu za mia za milimita. Kinachopimika ni nukta.

Njia ya kupata nukta ilijulikana kwa karibu miaka 100. Mwaka 1824 Joseph Fraunhofer, fundi wa lenzi wa Bavaria, alikamilisha darubini ya kituo cha Dorpat, mji ambao leo ni Tartu nchini Estonia. Lenzi yake ilikuwa na upana wa sentimita 24, kubwa ajabu kwa enzi hizo, lakini kilichodumu zaidi ni stendi aliyoitengeneza. Aliinamisha mhimili mmoja wa stendi hadi ukawa sambamba na mhimili wa Dunia yenyewe, kisha akaufungia saa iliyoendeshwa kwa uzito unaoshuka. Dunia ilipozungukia mashariki, darubini ilizungukia magharibi kwa mwendo ule ule, mzunguko mmoja kwa saa 23 na dakika 56, na nyota ikabaki pale pale ndani ya lenzi. Stendi za namna hiyo zinauzwa hadi leo na bado zinaitwa za Kijerumani. Kanuni yake ni fupi: pembe ya mhimili kutoka ardhini ni sawa na latitudo ya mahali ulipo. Ukikosea pembe hiyo, au ukikosea uelekeo wa kaskazini na kusini, saa iliyo bora kuliko zote haitakuokoa.

Wapiga picha walifuata baadaye. Mwaka 1850 William Bond na mpiga picha John Whipple walinasa nyota ya Vega kwa darubini kubwa ya Harvard. Mwaka 1860 Warren De la Rue aliisafirisha kamera ya Jua ya Kew kutoka Uingereza hadi Rivabellosa, kaskazini mwa Hispania, akapiga picha za kupatwa kwa Jua zilizosaidia kuthibitisha kwamba ndimi nyekundu zinazoonekana kando ya Jua ni za Jua lenyewe, si za Mwezi. Hapo ilionekana kwamba kituo cha nyota kinaweza kufungwa ndani ya makasha, kikapakiwa melini na kujengwa upya shambani kwa mtu.

Hatua iliyofuata ilitoka Afrika, na aliyeipiga alikuwa fundi saa mwingine. David Gill alizaliwa Aberdeen, Uskoti, mtoto wa mtengeneza saa, akajifunza ufundi huo na kuiendesha biashara ya baba yake kabla ya kuacha yote kwa ajili ya nyota. Septemba 1882 akiwa mkuu wa kituo cha nyota cha Rasi ya Tumaini Jema, kometi kubwa yenye mkia ilitokea angani, ang'avu kiasi cha kuonekana mchana. Gill hakuwa na kamera ya kufaa. Mpiga picha wa mtaa wa Mowbray, bwana mmoja aitwaye Allis, alileta ya kwake, ya kawaida kabisa, ile ya kupigia watu picha. Wakaifunga juu ya darubini iliyokuwa na mhimili na saa. Gill alikaa na jicho lake kwenye darubini akirekebisha kila mtelezo mdogo, usiku baada ya usiku, huku kamera ikiwa wazi kwa muda mrefu.

Picha zilipotoka, kometi ilikuwemo, nzuri mno. Lakini Gill alivutwa zaidi na kilichokuwa nyuma yake: nyota kwa mamia, kila moja ikiwa nukta. Alitambua palepale kwamba ramani ya anga haina haja tena ya kuchorwa kwa jicho na kalamu. Kutokana na wazo hilo, mwaka 1887 wanaanga wa nchi nyingi walikutana Paris na kukubaliana kupiga picha anga lote kwa darubini za kipimo kimoja: lenzi ya sentimita 33 hivi, yenye urefu wa fokasi wa mita 3.43, ili milimita moja kwenye bamba iwe dakika moja ya pembe angani. Greenwich ilipata moja. Oxford ilipata nyingine.

Lenzi hizo mbili ndizo zilizosafiri na Anselm mwaka 1919. Nafurahia sana mlolongo huu, kwa sababu mara nyingi tunasimuliwa kana kwamba vifaa vya Eddington vilitoka hewani. Vilitokana na kamera iliyofungwa na Gill huko Rasi.

Tatizo ni kwamba lenzi hubebeka, stendi yake haibebeki. Chuma kilichoishika lenzi ya Greenwich kilikuwa kimejengewa msingi ndani ya jengo. Hapa ndipo wataalamu wa kupatwa kwa Jua walipotumia ujanja uliobuniwa na Mfaransa Gabriel Lippmann mwaka 1895. Bomba la darubini hulazwa chini, likatulia bila kusogea. Mbele yake huwekwa kioo bapa juu ya mhimili ulio sambamba na ule wa Dunia, na kioo hicho huzungushwa na saa mara moja kwa saa 48. Kwa nini 48? Kwa sababu kioo kikigeuka digrii moja, mwanga unaoakisiwa hugeuka digrii mbili. Nusu ya mwendo wa Dunia inatosha. Kifaa hicho kinaitwa selostati. Ndiyo stendi ya kubebeka ya wakati ule: badala ya kugeuza darubini yenye urefu wa kimo cha watu wawili, unageuza kioo.

Selostati za Kiingereza zilikuwa zimeshasafiri katika misafara mingine, na mwendo wake haukuwa wa kuaminika. Vita Kuu vilizuia matengenezo. Mafundi walikuwa jeshini au viwandani. Amani ilipokuja Novemba 11, 1918, muda uliobaki kabla ya meli kuondoka haukufika hata miezi minne. Cottingham ndiye aliyezifungua selostati, akasafisha na kurekebisha mitambo yake. Eddington alikuwa na sababu ya kumtaka mtu wa namna hiyo kando yake. Mwaka 1912 alikuwa ameongoza msafara wa kupatwa kwa Jua nchini Brazili, na mvua ikawanyima kila kitu. Mwaka 1914 Mjerumani Erwin Freundlich alikuwa amekwenda Crimea kuupima mwanga huu huu wa Einstein, vita vikalipuka, Warusi wakamkamata na kuchukua vifaa vyake. Nafasi hazikuwa nyingi.

Kuna kisa ambacho Eddington alikisimulia mwenyewe baadaye. Usiku kabla ya safari, wakiwa na Dyson, Cottingham aliuliza: je, tukipata kwamba mwanga umepinda mara mbili ya alivyosema Einstein? Dyson akamjibu kwamba hapo Eddington atapata wazimu, nawe itabidi urudi nyumbani peke yako. Swali la fundi lilikuwa la maana. Alikwenda kupima bila kujua jibu.

Madeira walitengana. Crommelin na Davidson waliendelea na Anselm hadi Brazili, wakaelekea mji wa Sobral, jimbo la Ceará. Eddington na Cottingham walisubiri meli nyingine kwa karibu wiki nne, wakafika kisiwa cha Príncipe Aprili 23. Príncipe kiko katika Ghuba ya Guinea, digrii moja na nusu hivi kaskazini mwa ikweta, na wakati huo kilikuwa koloni la Ureno lililoishi kwa kakao. Walipokewa katika shamba la Roça Sundy, kwenye kona ya kaskazini magharibi, ambako mwenye shamba, Jerónimo Carneiro, aliwapa nyumba na wafanyakazi.

Hapa lazima nisimame kidogo. Kakao ya visiwa vile ilikuwa na historia ya aibu. Wafanyakazi waliletwa kutoka Angola na makoloni mengine ya Ureno kwa mikataba ambayo wengi hawakuwa na njia ya kuikatisha, na mwaka 1909 kampuni ya Cadbury na wenzake walikataa kununua kakao hiyo. Ugonjwa wa malale uliwaua watu wengi hadi ulipotokomezwa kisiwani mwaka 1914, katika kampeni ambayo wafanyakazi walivishwa mgongoni vitambaa vyeusi vilivyopakwa gundi, ili mbung'o wanase. Mizigo ya Eddington ililetwa Sundy Aprili 28 kwa magari ya reli ndogo ya shamba, lakini kulikuwa na pengo la kilomita moja hivi msituni, na hapo wapagazi wa Kiafrika walibeba makasha. Lenzi ile ya Oxford, kioo kile, mitambo ya saa, vyote vilipita mabegani mwao na havikuvunjika. Ripoti ya kisayansi iliyotoka mwaka 1920 haikuwaandika majina, wakati ilimwandika kila aliyeazima lenzi. Natamani tungeyajua.

Kusimamisha selostati karibu na ikweta kuna ugumu wake. Uingereza mhimili huinuliwa digrii 50 na zaidi. Stendi nyingi za huko hutengenezwa kwa mteremko huo. Príncipe mhimili ulipaswa kulala, karibu usawa wa ardhi kabisa, ukielekea kaskazini. Walijenga nguzo, wakakiweka kioo juu yake, na bomba la darubini likalazwa ndani ya kibanda cha kuzuia mvua na jua. Uzito unaoiendesha saa ulipewa nafasi ya kushuka ili mtambo uende zaidi ya nusu saa bila kutiwa ufunguo. Usiku walipiga picha za eneo jingine la anga, karibu na nyota ya Arcturus, eneo ambalo lilikuwa limepigwa Oxford kwa lenzi hiyo hiyo. Kama nyota zingekaa vilevile katika picha zote mbili, wangejua kwamba kifaa hakidanganyi. Hatua hii watu huiruka wanaposimulia, nami naiona kuwa ndiyo alama ya mtu makini: kujaribu chombo kwanza mahali ambapo jibu linajulikana.

Asubuhi ya Mei 29 kulipiga radi na mvua kubwa. Mchana anga lilianza kufunguka kwa vipande, Jua likionekana na kupotea. Giza kamili liliingia muda mfupi baada ya saa nane na dakika 10 kwa saa ya Greenwich, likadumu sekunde 302. Hawakuwa na la kufanya ila kufuata mpango. Eddington aliingiza na kutoa mabamba. Cottingham aliangalia mtambo wa saa na kufungua na kufunga mwanga kwa ubao wa karatasi ngumu usiogusa darubini, kwani mguso mdogo tu ungeitikisa. Mashine ya kuhesabia mapigo ililia gizani. Mabamba 16 yalipigwa, kila moja kwa kati ya sekunde 2 na 20. Eddington alisema baadaye kwamba hakuliona Jua lililopatwa ila kwa kutupa jicho mara mbili tu, kuhakikisha kwamba limeanza na kwamba mawingu yako kiasi gani.

Mabamba ya mwanzo yalionyesha ndimi za Jua na hakuna nyota. Katika yale ya mwisho mawingu yalipungua. Mawili tu yalikuwa na nyota za kutosha kupimwa, tano kwa kila moja.

Sobral ilikuwa na bahati kubwa zaidi, na pia somo kubwa zaidi. Crommelin na Davidson walijenga kambi katika uwanja wa mashindano ya farasi. Walikuwa na darubini mbili: ile yenye lenzi ya Greenwich, iliyolishwa mwanga na selostati ya kioo cha inchi 16, na nyingine ndogo ya akiba, lenzi ya inchi 4 tu iliyoazimwa kutoka Ireland kwa ushauri wa padri Aloysius Cortie, ikiwa na kioo cha inchi 8. Asubuhi ile mawingu yaliachana kiasi cha dakika moja kabla ya giza. Davidson alipiga mabamba 19 kwa darubini kubwa, Crommelin 8 kwa ndogo.

Walipoyasafisha mabamba, yale ya darubini kubwa yaliwavunja moyo. Nyota zilikuwa zimetawanyika, fokasi imepotea, ingawa siku zilizotangulia ilikuwa sahihi. Mwezi Julai walipopiga picha za kulinganisha, Hyades zikiwa zimeshaachana na Jua na kuonekana kabla ya alfajiri, fokasi ilikuwa imerudi bila kuguswa. Walihitimisha kwamba jua la asubuhi lilikipasha kioo cha selostati kikavimba bila usawa. Lenzi haikuwa na kosa. Kilichowaangusha ni kifaa cha kufuata anga. Na huko Príncipe, mawingu yale yale yaliyomficha Eddington nyota zake yalikuwa yamekikinga kioo chake na joto. Eddington mwenyewe alilieleza hilo katika ripoti.

Lenzi ndogo ya inchi 4 ilitoa mabamba saba safi yenye nyota saba, na kipimo chake kilikuwa sekunde 1.98, kosa la 0.12. Príncipe ilitoa 1.61, kosa la 0.30. Darubini kubwa ya Sobral ilitoa 0.93, karibu na ile ya Newton, na Dyson akaliweka pembeni jibu hilo kwa sababu ya picha mbovu. Novemba 6, 1919, mbele ya mkutano wa pamoja wa vyama viwili vya kisayansi jijini London, alitangaza kwamba Einstein alikuwa sahihi. Miaka mingi baadaye walitokea watu wakidai kwamba jibu la tatu lilifichwa ili kumpendelea Einstein. Mwaka 1979 mabamba yale yalipimwa upya Uingereza kwa mashine ya kisasa, na yale mabovu ya darubini kubwa yakatoa 1.55, kosa la 0.34. Kwangu mimi Dyson na Davidson walijua kioo chao vizuri kuliko wakosoaji wao.

Jaribio hilo lilirudiwa mara kadhaa katika karne ya 20, kwa shida ile ile ya kujenga kituo cha nyota mahali pasipo na kituo. Juni 30, 1973 kivuli cha Mwezi kilivuka Afrika kutoka Mauritania hadi Kenya ya kaskazini, kikapita eneo la ziwa ambalo sasa tunaliita Turkana, kisha Somalia. Mahali fulani katika njia hiyo giza lilizidi dakika saba. Timu ya Chuo Kikuu cha Texas ilichagua oasisi ya Chinguetti, Mauritania. Walijenga kibanda chenye kuta za kuzuia joto, kana kwamba kioo cha Sobral kilikuwa kikiwasemesha, lakini jangwa likawaletea lake: tufani ya mchanga ilipunguza sana mwanga wa nyota siku yenyewe. Walirudi Novemba kupiga picha za kulinganisha. Jibu lao lilikuwa asilimia 95 ya kipimo cha Einstein, kosa la asilimia 11. Baada ya miaka 54, hawakuwa wameizidi kwa mbali lenzi ya inchi 4.

Halafu ikaja Agosti 21, 2017. Mwanafizikia mstaafu wa San Diego, Donald Bruns, alipanda mlima karibu na Casper, Wyoming, akiwa na darubini ya milimita 101, ambayo ni karibu inchi 4, kamera ya kielektroniki, na stendi ya mota ya kubebeka ya aina ambayo mtu binafsi anaweza kuinunua na kuipakia garini. Hakuhitaji kurudi baada ya miezi kupiga picha za kulinganisha. Mahali halisi pa kila nyota palikuwa pameshapimwa na chombo cha angani cha Ulaya kiitwacho Gaia. Giza lilidumu dakika mbili na nusu hivi. Jibu lake lilikuwa sekunde 1.7512, kosa la asilimia 3. Hadi wakati huo halikuwa limepatikana jibu zuri hivyo kwa darubini ya kawaida wakati wa kupatwa.

Stendi ya Bruns ingeeleweka kwa Fraunhofer mara moja. Mhimili mmoja unaelekea ncha ya anga, mwingine umeuvuka kwa pembe mraba, na mota imechukua nafasi ya uzito unaoshuka. Kwa anayetaka kuisimamisha Afrika Mashariki, taabu ni ile ile ya Príncipe. Maelekezo ya kiwandani humwambia mnunuzi aitafute Nyota ya Kaskazini kupitia kidarubini kilicho ndani ya mhimili. Dar es Salaam, digrii 6.8 kusini, nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho. Nairobi ncha ya kusini ya anga imeinuka digrii 1.3 tu kutoka ardhini, nyuma ya miti na majengo, na haina nyota ang'avu ya kuionyesha. Nanyuki mhimili unalala kabisa. Stendi nyingi hazishuki hadi huko, na mafundi wetu hulazimika kuweka kabari chini ya mguu mmoja au kutengenezesha bamba la chuma lenye mteremko.

Kinachobaki ni njia ya wanaanga wa kale, nayo haihitaji kuiona ncha. Sawazisha stendi kwa pimamaji. Ielekeze kaskazini na kusini kwa dira, ukikumbuka kwamba sumaku hupotoka digrii chache. Chagua nyota iliyo karibu na utosi, washa mota, uitazame kwa ukuzaji mkubwa. Ikiteleza kuelekea kaskazini au kusini, mhimili umepotoka kushoto au kulia: usogeze kidogo, na kama mtelezo umeongezeka, urudishe upande wa pili. Ikitulia, hamia nyota iliyo chini upande wa mashariki. Mtelezo wa hiyo unatokana na kimo cha mhimili, na hurekebishwa kwa skrubu ya juu na chini. Rudia nyota ya kwanza, kwa sababu kugusa kimoja huvuruga kingine. Ni kazi ya saa nzima kwa anayeanza, na mzoefu huimaliza kwa robo saa. Hakuna programu ya simu iliyoifuta kazi hii, ingawa siku hizi kamera ndogo inaweza kupiga picha ya anga, ikazitambua nyota na kukuambia umekosea kwa kiasi gani.

Agosti 2, 2027 Jua litapatwa tena kwa ukamilifu kuanzia kusini mwa Hispania, kando ya kaskazini mwa Afrika, hadi Misri, kisha Saudia pamoja na Jeddah na Makka, halafu Yemeni na ncha ya Somalia. Karibu na Luxor giza litadumu dakika 6 na sekunde 23. Luxor iko digrii 25.7 kaskazini, kwa hiyo Nyota ya Kaskazini itakuwa wazi usiku wa kuamkia siku hiyo, na mhimili utaweza kunyooshwa bila hangaiko la ikweta. Ugumu utakuwa kuiacha stendi pale pale, bila kuguswa, kuanzia alfajiri hadi mchana wa Agosti wa Misri ya Juu, ikiwa imefunikwa shuka jeupe ili chuma na lenzi visipate moto kabla ya wakati.